Kanda ya Mama na Amplifaya Uliyotutumia

Makole, Dodoma
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Denis,

Mbukwa. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji yangu na watoto, na kwamba baridi ya Tampere haijaanza kuwabana. Shamila, yule binti anayesoma huko kwenu, anasema mwezi huu watu wameshavaa makoti mawili mawili. Nikamwambia wewe ulianza zamani, ukiwa kijijini kwetu Zuzu, kila Julai ulipokataa kuoga.

Sisi huku ni wazima kwa kiasi cha watu waliofiwa. Upepo wa Septemba umeanza, shemeji yako Evelina anafagia sebule mara tatu kwa siku na vumbi linarudi kabla hajauegesha ufagio. Goti langu la kushoto bado linapanda ngazi kwa majadiliano. Shangazi Yasinta hajarudi Mpwapwa. Anasema hawezi kuondoka mpaka msiba umalizike, na hilo ni kweli, ila nadhani na chai ya maziwa ya Evelina nayo imechangia.

Utajiuliza kwa nini karatasi, wakati simu zipo na ndogo yangu hii inajua kupiga hata picha. Ni kwamba kwenye simu, sauti yako ikibadilika tu, nami hubadilisha maneno. Nilifanya hivyo mara moja, na ndiyo sababu ya barua hii. Shamila anarudi chuoni huko kesho kutwa, ataikabidhi mkononi mwako.

Siku baba alipofariki uliniuliza jambo moja tu. Uliniuliza kama aliwahi kumsikia mama. Nikasema alimsikia, akafurahi sana. Ukalia, kisha ukasema kama hukuwahi kumzika, basi angalau mashine yako iliwahi. Na wiki iliyopita uliniandikia kwamba Jumamosi ijayo, kwenye ibada ya kumaliza msiba, nisimame niwasimulie ndugu wote habari hiyo.

Denis, siwezi. Haikuwa hivyo. Nivumilie nikueleze tangu boksi lilipofika.

Lilifika mapema Juni. Baba alikuwa ameshaliulizia kila asubuhi kwa wiki tatu: ya Denis imefika? Nilipolifungua nilicheka. Amplifaya yenyewe haikuzidi nusu mche wa sabuni, nikadhani umetutumia chaja. Kando yake kulikuwa na kiboksi kingine cha chuma, kidogo zaidi. Chini kabisa, chini ya kadibodi, ilikuwapo karatasi yako. Hiyo sikuiona. Nilitoa vitu, nikampa Evelina boksi, naye akamwekea kuku wake aliyekuwa anaatamia. Kwa hiyo maelekezo yako yalilaliwa na kuku kwa miezi miwili, na naamini aliyaelewa kuliko mimi, maana yeye alitoa vifaranga tisa.

Lakini tusimsingizie kuku. Hata ningeiona karatasi nisingeisoma. Mwaka wa ishirini na sita huu nafundisha fizikia. Kila mwaka naandika Sheria ya Ohm ubaoni, nawachapia watoto maswali ya mkondo na ukinzani, nasahihisha kwa kalamu nyekundu. Mtu kama huyo anasoma maelekezo ya nini?

Kanda yenyewe unaikumbuka. Baba aliirekodi Zuzu mwaka themanini na nane, baada ya mavuno, akinamama wakipiga muheme uani kwetu, na mama akiwa ndiye kiongozi, ngoma katikati ya magoti, sauti yake ikitangulia na wenzake wakiifuata. Mama alipotutoka, baba akawa anaicheza kila Jumapili tukitoka kanisani, wakati chakula kinaivishwa. Hakuruhusu kidole cha mtu mwingine kugusa kitufe. Na kila mara aliizima kabla haijaisha, akainuka na kusema, "Haya, tukale."

Wewe ndiye uliyekuwa ukimsumbua kwa nini haiachi ifike mwisho. Naye alikuwa akikujibu kwamba mwishoni hakuna kitu, ni kanda tupu.

Baadaye redio kaseti ikafa, na masikio yake yakaifuata. Alipohamia kwangu alikuwa hasikii tena hata treni. Mtu aliyefanya kazi reli miaka thelathini na mbili, alikuwa ananiuliza mimi kama treni imepita. Ndipo alipokuambia kwenye simu, huku akipiga kelele kama kawaida yake, kwamba anatamani kumsikia Dorkasi mara moja tu kabla hajaenda kumfuata. Nawe ukatuma.

Fundi Abuu, yule wa Kondoa mwenye kibanda karibu na soko la Majengo, aliifufua redio kaseti nusu. Kanda ilizunguka vizuri, ila spika zake na moyo wake wa kukuza sauti vilikuwa vimekufa, sauti ikawa inapatikana kwenye tundu la kusikilizia masikioni tu. Hapo ndipo amplifaya yako ilipotakiwa. Abuu akaniambia nimletee vitu vyote aunganishe. Nikamwambia asihangaike, mimi mwenyewe ni mtu wa umeme.

Spika hukutuma, nami naelewa, uzito. Nikaenda kwa jirani yetu Apolinari, yule anayekodisha muziki wa harusi na misiba, nikaazima zake mbili zinazonifika kifuani. Nyuma zimeandikwa omu nne. Niliona kabisa. Nikajiambia baba hasikii, kwa hiyo spika ziwe kubwa kadiri zinavyopatikana. Na kwa kuwa kanda ni ya sauti moja, nikaziunganisha zote mbili kwenye mdomo mmoja wa amplifaya, ukinzani ukabaki omu mbili. Hesabu hiyo mtoto wa kidato cha tatu akiikosa namwandikia "soma tena".

Bado kile kiboksi. Nikakigeuza, nikasoma kwamba ni priampu, nikakumbuka kazi ya priampu ni kuipa nguvu sauti dhaifu kabla haijafika kwenye amplifaya. Na mgonjwa wangu si haisikii sauti dhaifu? Nikakiweka katikati. Nilifikiri kama watu wanavyofikiri juu ya dawa, kwamba kidonge kimoja kikisaidia, viwili vitaponya.

Kosa la tatu ndilo linaloniuma zaidi. Nilialika watu. Jumapili hiyo, tarehe kumi na tano Juni, nilimwita mchungaji, nikawaita majirani, Apolinari mwenyewe alikuja kuona spika zake zikipigwa na kisabuni. Evelina alipika wali wa wageni. Nilisimama nikatoa hotuba, Denis. Nilitaja jina lako, nikataja na langu, na langu nadhani nililitaja mara nyingi zaidi.

Baba tulimkalisha mbele, amevaa koti lake la reli. Alinyoa. Aliomba mwenyewe kioo.

Nikabonyeza.

Sijui nikuambieje kilichotoka. Muheme ulikuwa mngurumo, na sauti ya mama, ile iliyokuwa ikipaa mpaka majirani wanatoka nje, ilitoka nene na iliyopasuka, kama ng'ombe aliyekwama matopeni anayeita. Na ilikuwa kubwa. Kwa ukubwa, nilifanikiwa. Baba alisikia kila kitu. Niliona uso wake ukiinuka, kwa nusu dakika hivi, kama mtu aliyebishiwa hodi. Halafu ukashuka.

"Huyu siye," alisema. Akanigeukia mimi. "Mmemfanya nini mke wangu?"

Kabla sijajibu amplifaya ikazidiwa na joto, ikajizima yenyewe. Kanda ikabaki inazunguka bila sauti. Baba akanyoosha mkono, nikamtolea kanda, akaitia mfuko wa ndani wa koti lake na kufunga kifungo. Wageni walikula wali haraka sana siku hiyo.

Hicho ndicho baba alichokisikia, Denis. Mashine yako iliwahi. Aliyechelewa ni kaka yako.

Kesho yake niliibeba mizigo yote nikaenda kwa Abuu, kichwa chini. Alikagua waya zangu bila kusema neno, na unajua mafundi wanavyokuwa wakiona kazi ya mwingine, kunyamaza kwake kulikuwa heshima kubwa. Kisha akanieleza. Kile kiboksi ni cha santuri. Santuri sauti yake inatoka na njaa, ndiyo maana inalishwa kwanza. Kanda inatoka imeshashiba. Ukimlisha aliyeshiba anatapika, na hayo ndiyo niliyomlisha baba masikioni. Na kuitwisha amplifaya ile spika mbili za namna hiyo kwenye mdomo mmoja, akasema, ni kumpa mwanapunda magunia mawili ya uwele na kumshangaa akilala njiani.

Halafu akaniuliza taratibu, huku anakunja waya: "Mwalimu, ulitaka kumsikilizisha mzee, au kuwasikilizisha watu?"

Nilimshikia ncha ya pili ya waya.

Alinitafutia spika mbili ndogo za omu nane zilizotoka kwenye redio ya mezani ya zamani, akazitengenezea maboksi ya mbao. Kanda moja kwa moja kwenye amplifaya, amplifaya kwenye spika, kila spika na mdomo wake, na spika zenyewe hatua moja tu kutoka kwenye kiti cha msikilizaji. Akasema mtu asiyesikia vizuri hahitaji kelele, anahitaji ukaribu. Tulijaribu na kanda ya kwaya. Denis, nilimsikia mtu anakohoa safu ya nyuma. Ilikuwa kazi ya saa mbili.

Nikarudi mbio. Baba ulikuwa huwezi kumweleza kwa mdomo, nikamwandikia kwenye daftari kwa herufi kubwa: BABA, SASA IKO SAWA. Akasoma, akagusa mfuko wa koti, akasema, "Mwacheni apumzike."

Nilirudi tena mara nne. Mara ya mwisho nililia mbele yake, mtu mzima mwenye kitambi, nimeshika daftari. Alinipigapiga begani kana kwamba mimi ndiye mgonjwa, lakini kanda hakutoa. Evelina alinishauri niichukue akilala, tuicheze, aamke akiisikia. Nilifikiria. Lakini kumwibia mzee mke wake mfukoni sikuweza.

Mwisho wa Julai akaacha kula. Siku tatu hakugusa kitu, midomo tulikuwa tunailowesha kwa kitambaa. Jumamosi mchana tulikuwa wote chumbani, mimi, Evelina na Shangazi. Hakuna redio iliyowaka, hakuna aliyekuwa anazungumza. Baba akafumbua macho, akatazama mlangoni, si sisi, na akasema kwa sauti yake ile ya zamani:

"Haya, tukale."

Evelina alikimbilia jikoni kukoroga uji. Shangazi akamwinua kichwa. Uji ulipofika hakuuhitaji. Alasiri akatutoka, kimya kimya. Evelina mpaka leo anajilaumu kwamba uji ulichelewa, na kila ninapomwambia haukuchelewa, yeye husema mimi sikuwa jikoni.

Muda mfupi baadaye ulipiga simu, ukauliza ulichouliza. Hayo mengine unayajua.

Tulimzika Zuzu, pembeni ya mama. Mchungaji alikuwa katikati ya sala treni ikapita, akanyamaza mpaka ikaisha, nasi wote tukanyamaza, na watu kadhaa wakajikuta wanageuka kumtazama baba kama atauliza. Koti lake karibu twende nalo kaburini. Shangazi ndiye aliyelipapasa, akatoa kanda, akanitia mkononi.

Niliiogopa kwa wiki nne. Kuku alishahama na vifaranga wake, na Evelina alipokuwa anatupa boksi ndipo akaikuta karatasi yako. Juu umeandika KAKA, SOMA KWANZA. Umeandika kiboksi ni kwa santuri za baba tu kama bado zipo, kanda isipite humo. Umeandika spika ndogo, omu nane, zikae karibu. Yote aliyoyasema Abuu, kwa mwandiko wako ule wa kuku, na safari hii na kuku mwenyewe alikuwa ametia sahihi. Mwishoni umeandika kwamba unajua sitaisoma. Nilicheka, halafu nikakaa chini pale uani na Evelina akaniacha.

Jumapili ya mwisho ya Agosti, tulipotoka kanisani, niliwaketisha Evelina na Shangazi, hakuna mgeni, nikaicheza kanda kama ulivyoelekeza.

Mama alikuja, Denis. Sijui namna nyingine ya kuandika. Vidole vyake kwenye ngozi ya ngoma, jogoo wa jirani, mtoto anayelilia maji, na nakuapia mtoto huyo ni wewe. Shangazi alikuwa akitaja jina la kila mwanamke aliyeitikia, na wengi wao wameshatangulia. Tulifika pale ambapo baba alikuwa akizima. Mkono wangu ulitaka kwenda. Nikauzuia.

Mwishoni si tupu. Ngoma zinanyamaza, wanawake wanacheka, wanatawanyika. Halafu mama, karibu kabisa na kinasa sauti, amechoka, anahema, anamwambia baba:

"Nathanaeli, zima hicho kitu. Njoo ule, mlenda unapoa."

Kisha kitufe, tak.

Miaka yote ile, kila Jumapili. Na mimi nilidhani baba ana haraka ya ugali.

Evelina aliinuka akaenda jikoni, akasimama huko muda mrefu. Aliporudi hakutaja uji, na tangu siku hiyo hajautaja tena.

Sisemi kitu, Denis. Sisemi baba aliisikia kanda Jumamosi ile, wala sisemi ni nani alikuwa mlangoni. Mzee wa miaka themanini na tatu anaweza kusema "tukale" kwa sababu tu ameizoea. Mimi ni mtu niliyeonekana hadharani nikiunganisha nyaya vibaya, nisije nikaunganisha na haya. Nimekuandikia yalivyotokea, kila waya mahali pake, wewe uunganishe mwenyewe.

Ninachokuomba ni hiki. Kama ratiba haikusaliti, Shamila atafika kwako Alhamisi, na ibada ni Jumamosi. Nataka kusimama niwaambie ndugu ukweli wote, pamoja na hotuba yangu na kuku. Lakini ile faraja ni yako, nami ndiye niliyekupa ya bandia, kwa hiyo sitaivunja mbele ya watu bila idhini yako. Ukisema ninyamaze nitanyamaza, nile pilau kama wengine. Uongo tu ndio sitaurudia. Na ukinikasirikia, nikasirikie, ila usikae nalo peke yako huko ugenini. Nipigie unitukane, nitapokea.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Abuu ameihamishia kanda yote humo, hajapunguza hata jogoo. Isikilize mchana, watoto wakiwapo, wamsikie bibi yao. Tumia spika ndogo, kaa karibu. Na tafadhali, usiipitishe kwenye priampu ya santuri. Nimefanya utafiti huo kwa niaba ya ukoo mzima.

Leo pia nimeicheza, kabla sijakaa kukuandikia. Niliikusudia mpaka mwisho, ili nikuandikie maneno ya mama bila kukosea. Ngoma ziliponyamaza na wanawake wakaanza kucheka, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Shangazi na Evelina walinitazama. Nikainuka, na kabla sijajua nasema nini, nikawaambia, "Haya, tukale."

Msalimie shemeji na umwambie skafu aliyomfumia Shangazi inavaliwa hata kwenye jua hili. Wabusu watoto. Apolinari anakusalimu, ila anasema spika zake bado zina aibu. Fundi Abuu anakusalimu pia, na anasema kama ungekuja mwenyewe ungeniokoa. Evelina anakutumia salamu zisizo na idadi, na Shangazi Yasinta anakuombea kila jioni kwa jina lako lote, hadi lile la utotoni usilolipenda.

Mungu aliyewalaza wazee wetu pamoja pale Zuzu akulinde katika njia zako zote za theluji, akurudishe siku moja uketi hapa karibu, hatua moja tu, tusikilizane.

Wako akupendaye, na asiyesoma maelekezo,

Kaka yako,
Sostenes